Jinsi ya kupima mtazamo wa wauguzi kuhusu usalama wa mgonjwa, na kuufanyia kazi

Daktari hupita raundi akaondoka, mfamasia hutoa dawa dirishani, maabara huleta majibu. Anayebaki na mgonjwa saa 24 ni muuguzi. Ndiye anayeona kwamba dawa ya kitanda cha 6 imeandikwa mara mbili kwenye chati, kwamba oksijeni inakaribia kuisha saa tisa usiku, kwamba zamu iliyopita haikusema lolote kuhusu mzio wa penisilini. Kwa hiyo hospitali ikitaka kujua wagonjwa wake wako salama kiasi gani, wa kuulizwa kwanza ni wauguzi. Tatizo ni kwamba wakiulizwa vibaya watajibu kile wakubwa wanachotaka kusikia, na hospitali itabaki na rundo la karatasi zinazosema mambo ni shwari.

Mwongozo huu ni kwa timu ya uboreshaji huduma, matroni au patroni (muuguzi mkuu wa hospitali), na yeyote aliyekabidhiwa kazi hii katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Umeandikwa kwa mazingira ya Tanzania. Kwa Kenya, yanayobadilika ni vibali na majina ya vyeo tu.

Unachopima

Unapima kile wauguzi wa wodi fulani wanachoamini wakati huu. Nikisema nimeona tatizo, nitasikilizwa au nitafokewa? Kosa likitokea, tutajifunza au atatafutwa wa kuandikiwa barua? Uongozi ukiambiwa glavu zimeisha, unachukua hatua? Imani hizi ndizo zinazoamua kama muuguzi wa zamu ya usiku atampigia simu daktari au atasubiri kukuche.

Huhesabu makosa. Idadi ya matukio inatoka kwenye daftari la taarifa, na daftari hilo lisomwe kwa tahadhari: wodi ya vitanda 40 ambayo haijaandika tukio hata moja mwaka mzima haina sifa ya usalama, ina ukimya. Wodi inayoandika mara nyingi huenda ndiyo ambayo watu wake hawaogopi.

Kuna ushahidi wa karibu kwamba mtazamo huu huendana na afya ya wagonjwa. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19, ilijaribiwa kati ya 2007 na 2008 katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara mkoani Morogoro. Kwa jumla matatizo baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7, na vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Watafiti walipima pia mtazamo wa watumishi wa thieta kabla na baada, wakakuta kwamba hospitali ambazo mtazamo ulipanda zaidi ndizo ambazo matatizo yalipungua zaidi. Hilo peke yake halithibitishi kwamba moja lilileta jingine, lakini linatosha kukufanya usilichukulie dodoso la wauguzi kama karatasi za kujaza kabati.

Kuchagua dodoso

Usitunge maswali yako mwenyewe. Yapo madodoso mawili yaliyojaribiwa kwa miaka mingi, na kila moja lina nguvu yake.

La kwanza ni SAQ (Safety Attitudes Questionnaire, yaani dodoso la mtazamo kuhusu usalama), lililotengenezwa Chuo Kikuu cha Texas kutokana na madodoso ya marubani na kuchapishwa 2006 na J. Bryan Sexton na wenzake. Toleo fupi lina maswali 36, mengi yake yakiwa katika maeneo sita: ushirikiano kazini, mazingira ya usalama, kuridhika na kazi, kutambua athari za uchovu na msongo, mtazamo kuhusu uongozi, na hali ya mazingira ya kazi. La pili ni la AHRQ, wakala wa serikali ya Marekani unaoshughulikia ubora wa huduma za afya. Lilitoka 2004 likiwa na maswali 42 katika maeneo 12, na toleo la pili la 2019 lina maswali 32 katika maeneo 10.

Kama hospitali yako inataka kujua hasa kuhusu utoaji taarifa, kukabidhiana zamu na kama watu wanaadhibiwa wakikosea, chukua la AHRQ. Kama unataka dodoso fupi linalotoa alama moja kwa kila eneo ambayo mtu yeyote kwenye mkutano ataielewa, chukua SAQ. Kwa hospitali inayoanza, SAQ ni rahisi zaidi kuhesabu, na mfano wa hapa chini unaitumia. Soma masharti ya matumizi ya dodoso ulilochagua kabla ya kulichapa. Ukishachagua, usibadilishe katikati ya safari, maana alama za moja hazilinganishwi na za jingine.

Ukitaka kuchapisha matokeo kama utafiti, unahitaji kibali cha maadili mapema: Tanzania ni kupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au kamati ya maadili ya chuo chako, Kenya ni kamati ya maadili pamoja na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu). Kwa matumizi ya ndani ya kuboresha huduma, barua ya mganga mfawidhi (daktari mkuu wa hospitali) kwa kawaida inatosha. Iandikwe na kusainiwa, ili akihamishwa kazi isisimame.

Kulileta kwa Kiswahili

Wauguzi wengi wanasoma Kiingereza cha kazi vizuri, lakini swali linalogusa hofu hujibiwa kwa ukweli zaidi kwa lugha ambayo mtu hulalamikia. Watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, wakae pamoja wapate andiko moja, kisha mtu wa tatu ambaye hajaona la awali alirudishe Kiingereza. Palipopishana ndipo pa kufanyia kazi. Baada ya hapo wape wauguzi 5 hadi 10 kutoka kituo kingine, wasome kwa sauti na waeleze wameelewa nini.

Hatua hii ya kusoma kwa sauti ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayookoa dodoso. Chukua swali la kama ungejiona salama kutibiwa hapa ukiwa mgonjwa. Baadhi ya wauguzi wanaweza kusema hapana kwa sababu isiyohusu usalama kabisa: hawataki wafanyakazi wenzao waone faili lao. Ukiligundua hilo kwenye majaribio, ongeza maelezo mafupi kwamba swali ni la ubora wa huduma, siyo la siri. Usilibadilishe swali lenyewe, au hutaweza kujilinganisha na mtu. Vivyo hivyo kwenye “uongozi”: bila ufafanuzi, mmoja anamfikiria inchaji (muuguzi kiongozi wa wodi), mwingine mganga mfawidhi, mwingine wizara. SAQ inauliza kuhusu uongozi wa wodi na wa hospitali kwa safu tofauti. Zitenganishe kwenye karatasi kwa mstari mnene.

“Kosa” nalo liwekewe maelezo juu ya ukurasa wa kwanza: jambo lolote lililokwenda tofauti na ilivyokusudiwa, hata kama mgonjwa hakudhurika. Toa mfano unaofahamika. Muuguzi anavuta dawa ya kuyeyushia antibiotiki, anageuza ampuli mkononi na kusoma lebo, anakuta ameshika potasiamu kloraidi badala ya maji ya sindano, anairudisha. Hakuna aliyeumia. Hilo ni tukio nusura, na ndilo tunalotaka watu walione kuwa la kusemwa. (Na kama ampuli hizo bado ziko trei moja wodini, zihamishwe leo, usisubiri dodoso.)

Siri

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Muuguzi hajali umeandika nini juu ya usiri, anaangalia karatasi itapita mikononi mwa nani.

Usiulize jina wala cheki namba (namba ya mtumishi), na usiweke namba za siri kwenye karatasi, kwa sababu zitagunduliwa na habari itazunguka hospitali nzima kabla ya chai ya saa nne. Punguza maswali ya utambulisho. Umri, jinsia, elimu na miaka ya kazi kwa pamoja vinamtaja mtu: kama wodi ya wazazi ina muuguzi mmoja mwanaume mwenye shahada, umemwita kwa jina. Uliza wodi, kada kwa makundi mawili, na uzoefu kwa makundi mapana kama chini ya miaka 5, 5 hadi 10, na zaidi ya 10. Jinsia iache kama huna matumizi nayo.

Inchaji asigawe wala asikusanye. Mgawaji awe mtu asiyeandika tathmini ya utendaji ya yeyote wodini, kwa mfano mtunza takwimu au muuguzi wa udhibiti wa maambukizi. Kila karatasi iwe na bahasha ya gundi. Sanduku liwe na kufuli, na liwekwe mahali ambapo watu hupita kwa shughuli nyingine, kama chumba cha chai au karibu na daftari la mahudhurio. Lisiwe mbele ya mlango wa matroni wala chini ya kamera.

Kwa simu, fomu ya mtandaoni inaokoa kazi ya kuingiza data, ila ina mitego yake. Kwenye Google Forms zima ukusanyaji wa barua pepe. Kwenye KoboToolbox ondoa kumbukumbu za jina la mtumiaji, namba ya simu na kifaa. Halafu kuna muda: fomu hurekodi saa ya kujaza. Kama wodi ya watoto ina muuguzi mmoja usiku na fomu yake imeingia saa nane usiku wa Jumanne, yeyote mwenye ratiba ya zamu anamjua. Safu ya muda ifutwe kabla faili halijamfikia mtu mwingine. Ukizuia mtu kujaza mara mbili, mfumo utamtaka aingie kwa akaunti yake, na hapo utawapoteza waoga. Kwa hospitali ndogo, karatasi bado ni bora.

Kwenye ukurasa wa kwanza weka maneno haya au yanayofanana nayo, kisha yatekeleze yote:

“Dodoso hili halina jina wala namba yako. Hakuna jibu sahihi wala lisilo sahihi. Unaweza kukataa kujaza, au kuacha swali usilotaka. Majibu yatajumlishwa kwa wodi. Wodi yenye majibu chini ya 5 itaunganishwa na nyingine. Karatasi hazitaonwa na inchaji, matroni wala mganga mfawidhi. Matokeo yataletwa wodini kwenu kabla ya tarehe ____.”

Ukiacha nafasi ya maoni ya kuandika, amueni mapema mtafanya nini mkikuta jambo zito, kwa mfano mtu ameandika kwamba pethidini, dawa kali ya maumivu, inapotea. Mtu mmoja apewe jukumu la kulifikisha kunakohusika kama jambo la mfumo, bila kutafuta nani ameandika. Maoni yote yachapwe upya kabla ya kuonyeshwa kwa yeyote. Mwandiko wa mtu hujulikana, na hata msemo wake. Palipo na tukio linalomtambulisha mtu, eleza kwa jumla.

Kugawa na kukusanya

Waingize wauguzi wote, wakiwemo wa usiku na wasaidizi wa afya, mradi wamekaa wodi hiyo angalau wiki 4. Aliyehamia juzi anaizungumzia wodi aliyotoka. Wanafunzi na walio kwenye mafunzo kwa vitendo wasichanganywe humo.

Acha sanduku siku 14, ili kila aliyeko kwenye mzunguko wa zamu afikiwe. Epuka wiki ya kubadilishana wodi, wiki ya ukaguzi, na kipindi cha kujaza tathmini za utendaji. Kumbusha mara mbili, siku ya 5 na ya 10, kwa wodi nzima. Ukimkumbusha mtu mmoja mmoja umeshaonyesha kwamba unajua nani hajarudisha. Usijazishe kwenye mkutano, maana watu watachungulia jibu la jirani na la mkubwa aliyeketi mbele.

Hesabu karatasi zilizotoka na zilizorudi kwa kila wodi. Wodi yenye wauguzi 18 ikirudisha 14, hiyo ni asilimia 78, na unaweza kuzungumzia wodi hiyo. Chini ya asilimia 60 usitoe alama ya wodi kabisa. Jiulize kwa nini hawakurudisha, kwa sababu ukimya huo nao ni jibu. Mara nyingi sababu ni kwamba mara iliyopita walijaza na hawakuambiwa chochote.

Hesabu

Kila swali lina majibu matano, kuanzia 1, sikubaliani kabisa, hadi 5, nakubaliana kabisa. Tafuta wastani wa maswali ya eneo husika, toa 1, zidisha kwa 25. Unapata alama kati ya 0 na 100. Anayejibu 4, yaani nakubaliana, kwa wastani anapata 75, na ndiyo maana 75 huchukuliwa kuwa mpaka wa mtazamo mzuri.

Eneo la mazingira ya usalama lina maswali 7. Tuseme muuguzi mmoja amejibu 4, 3, 5, 2, 2, 4, 3. Swali la tano linasema ni vigumu kuzungumzia makosa katika wodi hii, kwa hiyo kukubaliana nalo ni jambo baya na lazima ligeuzwe: 6 toa 2 ni 4. Jumla inakuwa 25, wastani 3.57, alama 64.3. Ukisahau kugeuza, jumla ni 23 na alama 57.1. Tofauti ya alama 7 kwa swali moja tu. Katika maeneo sita ya SAQ fupi kuna maswali mawili ya namna hii, la 2 na la 11. Yapake rangi kwenye jedwali kabla hujaanza kuingiza chochote.

Kwenye Excel, majibu saba yakiwa safu B hadi H na swali la kugeuza likiwa F, andika kwenye I:

=IF(F2="","",6-F2)

Usiandike =6-F2 peke yake. Kisanduku kikiwa kitupu Excel inakihesabu kuwa 0, na unapata 6, jibu ambalo halipo duniani, na linapandisha alama ya wodi kimyakimya. Alama ya mtu iwe kwenye J:

=IF(COUNT(B2:E2,G2:I2)<4,"",(AVERAGE(B2:E2,G2:I2)-1)*25)

Yaani aliyejibu chini ya maswali 4 kati ya 7 hahesabiwi kwenye eneo hilo. “Hainihusu” iachwe tupu, isiandikwe 0. Kisha asilimia ya waliofikia 75, kwa watu 14 walio mstari wa 2 hadi 15:

=COUNTIF(J2:J15,">=75")/COUNT(J2:J15)

Onyesha namba zote mbili, wastani na asilimia, maana wastani peke yake unaficha. Wodi ambayo kila mtu ana alama kati ya 65 na 75 na wodi ambayo nusu wana 95 na nusu wana 45, zote zinaweza kuwa na wastani wa 70. Ya pili ina kambi mbili: pengine wakongwe na wageni, pengine zamu ya inchaji na zamu za usiku. Dawa zao hazifanani. Kwa asilimia, wengi huchukulia chini ya 60 kuwa eneo la hatari na 80 kuwa lengo. Kwa wodi ndogo usizipe namba hizi uzito kupita kiasi. Wakiwa watu 5, mmoja akibadili mawazo umeyumba kwa asilimia 20.

Utakutana na karatasi yenye 5 kila mahali, pamoja na yale maswali ya kugeuza. Huyo amesema wodini ni rahisi kujifunza kutokana na makosa na hapo hapo ni vigumu kuyazungumzia. Weka kanuni kabla ya kufungua sanduku kwamba karatasi za namna hiyo zinaondolewa, na useme kwenye ripoti zilikuwa ngapi. Zikiwa nyingi katika wodi moja, kuna mtu amejazia wenzake au wameambiwa wajaze vizuri.

Eneo moja la SAQ husomwa vibaya karibu kila mara: kutambua athari za uchovu na msongo. Alama ya juu pale haisemi kwamba wauguzi wamechoka. Inasema wanajua kwamba uchovu unaharibu kazi yao. Alama ya chini ndiyo ya kutisha, maana ni mtu anayeamini kwamba hata baada ya zamu mbili mfululizo mkono wake hautetereki kwenye dozi ya mtoto. Eneo hili huwa haliendi sambamba na mengine matano, kwa hiyo usilijumlishe nayo kupata alama moja ya wodi.

Kurudisha matokeo wodini

Ndani ya wiki 4 tangu sanduku lifungwe, na wodini kwanza kabla ya kamati ya uongozi. Wakisikia matokeo yao korido, umeshapoteza dodoso lijalo.

Tumia dakika 40 wakati wa kupokezana zamu ya mchana, wanapokuwa wengi, na rudia kwa walio usiku. Aongoze mtu wa nje ya wodi. Inchaji awepo ikiwa alama za uongozi wa wodi ni nzuri. Kama ni mbaya, kaa naye faraghani kwanza, umpe nafasi ya kuumia pembeni, halafu wodi ikae bila yeye mara ya kwanza. Inchaji aliyeshtukizwa mbele ya watu wake atatumia mwezi mzima kutafuta nani alimsema.

Usionyeshe chati 36. Leta swali moja lililofanya vizuri na matatu yaliyo chini kabisa, maneno yake kamili. Kwa kila swali uliza: mara ya mwisho hali hii ilitokea lini, na nini kilizuia isiende sawa? Usiulize kwa nini watu wamejibu hivi, kwa sababu swali hilo linawafanya waanze kutafutana. Andika kwenye bango maneno yao wenyewe.

Tegemea kwamba dakika ya tatu mtu atasema tatizo ni uchache, na ni kweli. Lakini “tuko wachache” ikiachwa hivyo inafunga mjadala na haimfikishi mtu popote. Waombe wahesabu: kwa siku 14, kila zamu, wagonjwa wangapi na wauguzi wangapi, na kazi gani iliachwa, kama vipimo vya saa nne usiku, kugeuza mgonjwa au dozi ya saa sita. Ukurasa huo mmoja, wenye zamu za muuguzi 1 kwa wagonjwa 38 zikiwa zimezungushiwa wino mwekundu, una nguvu kwenye kikao cha bajeti kuliko malalamiko ya miaka mitatu.

Kisha chagueni mambo mawili tu: moja lililo ndani ya uwezo wa wodi, na moja la uongozi wa hospitali. Kila moja liwe na jina la mtu na tarehe. Mwenye kutumia 5S (utaratibu wa kupanga na kutunza sehemu ya kazi) anaweza kuyaweka kwenye ubao ule ule wa timu ya wodi, bila kuanzisha kamati mpya.

Yanayofanyiwa kazi mara nyingi

Maswali kuhusu hofu ya kuadhibiwa ndiyo huwa na alama za chini katika hospitali nyingi duniani, na hofu hiyo haiondoki kwa tangazo. Inaondoka watu wakiona taarifa moja imetolewa, imejibiwa, na aliyeitoa hajaitwa ofisini. Fomu ya tukio iwe nusu ukurasa: nini kilitokea, wapi, saa ngapi, nini kingeweza kuzuia. Jina la mtoa taarifa liwe la hiari. Ndani ya siku 7 jibu libandikwe ubaoni, hata kama ni “tumeagiza, hakijafika”. Sema wazi na mapema yasiyolindwa na utaratibu huu: ulevi kazini, wizi wa dawa, kumpiga mgonjwa, kughushi kumbukumbu. Mpaka huo ukijulikana, makosa ya kibinadamu yanapata nafasi ya kusemwa.

Kuogopa kumsemesha mkubwa hupungua watu wakiwa na maneno tayari. Utaratibu wa SBAR wa sehemu nne unafanya kazi hata kwa simu ya usiku: hali ilivyo, historia, tathmini yako, unachoomba. Hivi:

“Daktari, ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Nakupigia kuhusu mama wa kitanda cha 6, presha 80 kwa 50, mapigo 128. Alifanyiwa upasuaji wa kujifungua leo saa kumi jioni, saa mbili usiku presha ilikuwa 118 kwa 74. Amelowesha pedi mbili ndani ya saa moja, nadhani anavuja damu. Naomba uje sasa hivi. Wakati nakusubiri naweka dripu ya pili na kutoa damu ya kupima grupu.”

Sehemu mbili za mwisho ndizo wauguzi huziacha kwa heshima, wakisubiri daktari aseme mwenyewe. Zifanyieni mazoezi kwa sauti, wawili wawili, dakika 10 kwa wiki, na daktari mmoja awe anapokea. Kama hatasikilizwa, muuguzi arudie mara ya pili kwa kutaja usalama: “Daktari, samahani, bado nina wasiwasi na dozi hii, naona si salama.” Akipuuzwa tena, apige namba inayofuata. Namba hiyo iandikwe ukutani na mganga mfawidhi aisaini, ili anayepiga awe anafuata agizo. Asionekane anamshtaki mtu.

Uongozi ukipata alama mbaya, tiba ni kuonekana. Mganga mfawidhi apite wodi moja kila mwezi, na mara moja kila robo mwaka iwe usiku, kwa dakika 20, bila msafara. Swali lake liwe moja: nini hapa kinaweza kumdhuru mgonjwa wa kesho? Aandike mwenyewe, na ndani ya wiki mbili alete majibu ya kila kitu alichoandika, likiwemo “hatuna fedha hadi Julai”. Akipita bila kuleta majibu, alama zitashuka chini ya zilivyokuwa.

Pia kuna jambo la kukataza kabisa: kuzipanga wodi kwa ushindani na kutoa zawadi kwa ya kwanza, au kuingiza alama kwenye tathmini ya inchaji. Ukifanya hivyo, mwaka unaofuata wodi zote zitapata 95 na hutajua chochote tena.

Kupima tena

Rudia baada ya miezi 12 hadi 18, maswali yale yale, mpangilio ule ule, msimu ule ule. Kabla ya hapo mabadiliko hayajakaa na watu wamechoka kuulizwa. Wauguzi wa Tanzania huhamishwa sana, kwa hiyo angalia ni wangapi wa mwanzo bado wapo. Wodi iliyobadilisha nusu ya watu wake inaweza kupanda alama 5 bila lolote kuboreka. Badala ya kukazia macho alama ya jumla, fuata lile swali moja mlilolifanyia kazi, ulisome pamoja na vitu vinavyohesabika: taarifa ngapi zimetolewa na ngapi zimejibiwa ndani ya siku 7, simu ngapi za usiku zimepokelewa, dozi ngapi zimeachwa. Taarifa zikiongezeka katika miezi sita ya kwanza usishtuke wala usiruhusu mtu ashtuke kwa niaba yako. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba watu wameanza kuamini, na uongozi uambiwe hivyo kabla namba hazijawafikia.

Karatasi za awali zichomwe au kukatwakatwa baada ya data kuhakikiwa, mbele ya muuguzi mmoja aliyechaguliwa na wenzake.